BIMA YA GARI: TUULIZE INALINDA NINI KABLA YA KUULIZA BEI

Aliyepata kupanda gari namba 118 kutoka Darajani hadi Matemwe hana haja ya kuhadithiwa jinsi njia ile ilivyobadilika sura. Palepale walipokuwa wakipita wenye baiskeli na gari za ng'ombe, hivi leo wapita pamoja nao mabasi madogo ya mahoteli, gari za kukodi ziendazo na kurudi uwanja wa ndege, na vespa zilizopandwa na wageni vijana ambao pengine makwao hawajapata hata mara moja kuendesha upande wa kushoto wa barabara. Na ukingoni mwa njia, kama ilivyokuwa siku zote, wapita watoto wa skuli, wavuvi, na kina mama watokao pwani na mizigo yao ya mwani. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni 638,498. Mwaka 2024 wakafika 736,755. Wageni hao hawaji kukaa Mji Mkongwe peke yake. Wataka pwani, wataka kukiona kisiwa cha Mnemba, na kila mmoja wao hana budi kubebwa na chombo cha mtu.

Mabadiliko haya yamewaletea watu wa Kaskazini riziki, nasi hatuna neno juu ya riziki ya mtu. Wapo waliouza kiwanja, wapo waliokopa, na wapo waliochanga wawili watatu wakaagiza gari iliyokwisha tumika kutoka Japani. Gari hiyo ndiyo shamba lao, ndiyo dau lao, ndiyo karo ya watoto wao. Kila mwaka lazima ikatiwe bima, na namna bima hiyo inunuliwavyo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu leo.

Desturi imekuwa hivi. Mwenye gari humpigia simu wakala wa kwanza, naye akamtajia bei. Humpigia wa pili, akatajiwa bei nyingine. Humpigia wa tatu. Kisha huchagua iliyo ndogo kuliko zote, akalipa, akapewa namba yake, na mambo yakaisha hapo hadi mwakani. Hapana aliyeuliza: bei hii ni ya kitu gani? Mtu huyu huyu akienda kununua pweza humgeuza huku na huku, akamnusa, akahesabu na minyiri yake; lakini akinunua karatasi itakayosimama baina yake na ufukara, hata ukurasa wa pili haufunui. Kulinganisha bei tatu za vitu vitatu vilivyo mbalimbali si kulinganisha. Ni kubahatisha.

Na tuanze na kile ambacho sheria yakilazimisha, maana hapo ndipo kutofahamu kwetu kunapoanzia.

Bima ya gari ya lazima si aina nyingine ya kodi, kama wadhanivyo baadhi ya madereva walipapo huku wakinung'unika. Jimbo la Massachusetts huko Marekani lililazimisha tangu mwaka 1927. Uingereza ikatunga sheria yake mwaka 1930, na nchi zilizokuwa chini ya bendera yake zikafuata mfano huo. Sababu yake ilikuwa moja tu. Gari zilikuwa zikiwaua na kuwavunja watu wanyonge, na wenye gari, hata wakishindwa mahakamani, mara nyingi hawakuwa na cha kulipa. Ndipo sheria iliposema: atakaye kuitia gari njiani, kwanza amhakikishie fidia mtu ambaye huenda akamgonga. Huyo ndiye aitwaye "mtu wa tatu". Wa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni yule mama wa mwani atembeaye ukingoni mwa njia, ambaye wala hajui jina la kampuni hiyo.

Bima hii ndiyo watu waiitayo bima ndogo. Kwa gari ndogo ya binafsi, katika miaka ya karibuni imekuwa ikianzia shilingi 100,000 kabla ya kodi. Yalipa kifo na majeraha ya mtu wa tatu, na katika hati nyingi ziuzwazo leo yalipa pia mali yake iliyoharibiwa, iwe ukuta, baiskeli au gari, hadi kufikia kikomo kilichoandikwa. Kwa ajili ya gari ya mwenye bima hailipi hata senti moja. Ikipinduka, ikiungua, ikiibwa, hasara ni yake peke yake. Twalisema hili kwa mkazo kwa kuwa wako wengi wasemao "gari yangu ina bima", wakiamini kwamba siku ya ajali watapewa gari nyingine, ilhali waliyonunua ni bima ya watu wengine. Si makosa kuinunua. Mwenye gari kuukuu ya bei ndogo pengine afanya busara kuinunua hiyo na kuziweka akiba fedha zilizosalia. Makosa ni kuinunua kwa kudhani kwamba ni nyingine.

Iko pia aina ya katikati, isiyotajwa sana na mawakala, ambayo juu ya mtu wa tatu huongeza moto na wizi wa gari yenyewe. Tena iko bima kubwa, ambayo hubeba yote hayo na kuongeza hasara ya gari ya mwenye bima kwa kugongana au kupinduka, hata kama kosa lilikuwa lake. Bima kubwa haiuzwi kwa bei moja; huhesabiwa kwa sehemu ya thamani ya gari, na kwa gari za binafsi kiwango kilichozoeleka nchini ni kama asilimia 3.5 kwa mwaka. Gari ya shilingi milioni 20, basi, ni shilingi 700,000.

Jina la bima kubwa lina hadaa ndani yake, kwani mtu hulisikia akadhani kwamba hakuna kilichoachwa nje. Vilivyoachwa ni vingi. Kuchakaa hakumo. Injini iliyojifia yenyewe haimo. Kutu haimo, na hili watu wa pwani walitie moyoni: gari ishushwayo mchangani maji yakitoka, ikapakia samaki na barafu mwaka baada ya mwaka, italiwa na chumvi, na hakuna kampuni itakayolipia kazi ya chumvi. Mafuriko ya masika katika hati nyingine yamo na katika nyingine hayamo ila kwa nyongeza. Aulize mtu kabla ya mwezi wa Machi, asingoje maji yafike kwenye viti.

Sasa twafika penye kiini cha maneno yetu.

Katika kila hati ya bima ya gari upo mstari mfupi usemao gari hiyo yatumika kwa kazi gani. Aghalabu ni neno moja au mawili tu: matumizi binafsi, kubeba abiria kwa malipo, kukodishwa, kubeba mizigo. Mstari huo ndio roho ya mapatano yote. Kampuni huipima hatari kwa kuutazama huo. Gari impelekayo mwalimu skuli na kumrudisha nyumbani hukaa njiani saa moja kwa siku. Gari ya wageni hukaa njiani tangu alfajiri hadi usiku wa manane, hukimbizana na saa za ndege, na hubeba watu ambao wakivunjika watatibiwa kwa gharama kubwa. Kwa hiyo ada ya gari ya biashara ni kubwa kuliko ya gari ya binafsi, na hapo ndipo mtego ulipotegwa.

Tuseme wapo ndugu wawili wa Kigomani, ambao ni mfano tu wala si watu tuwajuao, walionunua kwa ubia gari ya viti saba. Wakala awaambia: "Andikeni binafsi, itakuwa nafuu." Nao waandika binafsi. Mara tatu kwa wiki gari yao yawachukua wageni kutoka uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume hadi Matemwe, kwa malipo. Miezi minane yapita salama salimini. Jioni moja, karibu na Kinyasini, gari yagongana na bodaboda. Mwenye bodaboda afariki dunia, na mgeni mmoja avunjika paja. Afisa wa kampuni ya bima afika hospitali. Hamwulizi mgeni mambo mengi. Amwuliza moja tu: "Ulilipa kiasi gani kuletwa Matemwe?" Mgeni, asiyejua lolote juu ya ule mstari mfupi, ajibu kweli.

Kwa jibu hilo bima kubwa ya ndugu wale yaweza kuyeyuka yote. Kampuni itasema, na kwa mujibu wa karatasi waliyoitia saini itakuwa na hoja, kwamba hatari iliyoiuza siyo hatari iliyotokea. Gari haitatengenezwa. Mgeni atawadai wao. Na ukoo wa marehemu, ambao hawakuandika karatasi yoyote na hawakumdanganya mtu yeyote, utaingia katika njia ndefu ya mawakili na mahakama. Huenda kampuni ikalazimishwa kuwalipa kisha ikawageukia ndugu wale iwadai ilichotoa. Huenda ikabisha tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa vyovyote vile miaka itapita, na katika miaka hiyo watoto wa marehemu watakuwa wanakula kwa jirani. Fedha ndugu wale walizookoa kwa kuandika neno lisilo la kweli pengine hazikufika bei ya matairi manne.

Tukiulizwa nani wa kulaumiwa, hatutawaachia wale ndugu wawili peke yao. Wakala hulipwa ujira wake siku ya kuuza. Siku ya ajali hayupo, na ujira wake haurudishwi. Mtu alipwaye kwa jinsi hiyo atashawishika daima kuuza kilicho rahisi kuuzika. Mawakala waaminifu wapo, tena wengi, nao ndio wa kwanza kuchafuliwa jina na wenzao wa namna hii. Mwanachama wetu afanyaye kazi ya uwakala, na twajua wapo wasomao ukurasa huu, hatachukizwa na maneno yetu.

Yuko mwingine asahauliwaye katika hesabu hizi, naye ni mfanyakazi mwenyewe. Dereva aliyeajiriwa si mtu wa tatu. Akivunjika mkono akiwa kwenye usukani wa gari ya tajiri wake, bima ndogo haimjui kabisa, na bima kubwa mara nyingi humlipa kitu kidogo tu, ikiwa sehemu ya ajali binafsi ya dereva imeongezwa. Utingo aning'iniaye mlangoni naye hana uhakika wowote asipoandikwa. Nyongeza za namna hii hazina gharama kubwa zikilinganishwa na bima yenyewe. Lakini tajiri akitafuta bei ya chini ndizo akatazo kwanza, kwa kuwa anayeumia kwa kukatwa kwake si yeye. Yafaa madereva wa gari za watalii na za shamba, wanapokubaliana ujira, waombe pia kuonyeshwa hati ya bima. Si utovu wa adabu. Ni haki ya mtu kujua chombo anachokiendesha kimemhesabu au hakikumhesabu.

Baada ya mstari wa matumizi, ndipo bei zaweza kulinganishwa, na hapo pia kuna hesabu ya kufanya. Kila bima kubwa huwa na sehemu ya hasara ambayo mwenye gari hana budi kuibeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa chochote. Sehemu hiyo haitajwi kwenye simu. Tuchukue mfano wa kampuni mbili kwa ile gari ya milioni 20. Ya kwanza yataka shilingi 700,000, lakini mwenye gari atabeba asilimia 10 ya kila hasara. Ya pili yataka shilingi 800,000, lakini atabeba shilingi 200,000 tu, hasara iwe kubwa au ndogo. Mwaka ukipita bila ajali, aliyenunua ya kwanza ameokoa 100,000. Ikitokea ajali ya shilingi milioni 6, wa kwanza atatoa 600,000 juu ya ada yake, jumla 1,300,000. Wa pili atatoa 200,000, jumla milioni moja kamili. Hatusemi kwamba ya pili ni bora kwa kila mtu. Mwenye akiba na mkono mtulivu aweza kuchagua ya kwanza bila ya kujuta. Twasema tu kwamba aliyesikia "laki saba" na "laki nane" akaishia hapo bado hajasikia bei.

Liko na la thamani. Wengine, ili ada ipungue, huitaja gari ya milioni 20 kuwa ni ya milioni 10. Waona wameerevuka. Lakini kanuni ya kale ya bima, ambayo kampuni nyingi zaitumia, ni kwamba aliyekata bima nusu ya thamani hulipwa nusu ya hasara. Ajali ya milioni 4 italipwa milioni 2, na hiyo ni kabla ya kuondoa sehemu ya kubeba mwenyewe. Kuzidisha thamani nako hakufai, kwani gari ikipotea yote kampuni italipa bei ya soko ya siku ile, si bei ya ndoto ya mwenyewe. Ziada aliyolipa imekwenda na maji.

Wazee wetu watakumbuka kwamba zamani haya yote hayakuwapo, kwa kuwa hapakuwapo cha kulinganisha. Shirika la Bima la Taifa liliundwa Tanganyika mwaka 1963, na Shirika la Bima la Zanzibar likaundwa mwaka 1969; kwa miaka mingi mlango ulikuwa mmoja, bei moja, na foleni moja. Sheria ya mwaka 1996 ikafungua njia kwa kampuni za watu binafsi. Ushindani ukaja na faida zake, hatuzikatai. Lakini mwananchi aliyefundishwa kusimama katika foleni hakufundishwa kuchagua, na pengo hilo bado halijazibwa.

Katika ushindani huo hatari kubwa si bei ya juu. Ni bei ya chini mno. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, iitwayo TIRA, inayofanya kazi pande zote mbili za Muungano chini ya sheria ya mwaka 2009, imeweka viwango vya chini vya ada za bima za gari, na si kwa ajili ya kuzipendelea kampuni. Kampuni iuzayo ahadi kwa bei isiyotosha kuitimiza itafika siku itashindwa, na watakaolia si wenye hisa peke yao. Jirani zetu wa Kenya wamelijua hili kwa machungu. Kampuni ya United Insurance, iliyokuwa na bima za matatu nyingi, iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwaka 2005. Blue Shield ikafuata mwaka 2011. Watu waliogongwa walibaki na hukumu za mahakama mikononi zisizo na wa kuzilipa, na wenye matatu waliolipa ada zao kwa uaminifu wakajikuta wao wenyewe ndio wadaiwa. Kwa hiyo mtu akitajiwa bei iliyo chini sana ya nyingine zote asifurahi haraka. Ama kuna kitu kilichopunguzwa, ama gari imeandikwa matumizi siyo, ama karatasi yenyewe ni ya uongo.

Kwa hili la mwisho dawa ipo mkononi mwa kila mwenye simu. Bima za gari sasa huandikwa katika mtandao wa TIRA, na kwa kutumia namba ya gari mtu yeyote aweza kutazama kama gari hiyo ina bima, ni ya kampuni gani, na yakoma lini. Abiria aweza kutazama. Sheha aweza kutazama. Na mwenye gari atazame siku ile ile aliyolipa, asingoje kusimamishwa na polisi pale Mahonda. Jambo jingine: wakala akisema, "Nitakukatia leo, utalipa mwisho wa mwezi," huyo hakuuza bima. Sheria yataka ada ilipwe kwanza ndipo kampuni ichukue hatari. Kabla ya hapo mtu yu uchi barabarani.

Yatupasa tuseme neno pia juu ya wageni, kwa sababu imeenea dhana isiyo sahihi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni wa kigeni aingiapo Zanzibar hulipa bima ya safari ya dola 44 kwa Shirika la Bima la Zanzibar, nayo humlinda kwa siku 92. Baadhi ya wakodishaji wa vespa na gari wasema: "Mgeni keshalipa bima uwanjani, basi tumesalimika." La hasha. Bima ile ni ya mgeni mwenyewe, kwa maradhi yake, ajali yake, mizigo yake na dharura zake. Haiilindi vespa ya mtu wa Matemwe, na haimlindi mtoto wa Matemwe aliyegongwa na vespa hiyo. Hilo ni jukumu la bima ya chombo chenyewe, nayo lazima iwe imeandikwa kwamba chombo hukodishwa. Tena mgeni aendeshae bila ya kibali cha kuendesha cha Zanzibar aipa kampuni sababu nyingine ya kukataa. Mkodishaji ampaye ufunguo mtu asiye na kibali, kwa kuhofia kupoteza kodi ya siku moja, amecheza kamari na mali yake na miguu ya watoto wa jirani zake.

Wapo wananchi wetu ambao hujizuia na bima kubwa, si kwa bei bali kwa dini, wakiona kwamba mapatano ya bima ya kawaida yana shaka na riba ndani yake. Hatuwezi kuwafanyia mzaha. Kwao ipo takaful, ambayo wanachama huchangia mfuko wa kusaidiana, na msimamizi hulipwa kwa kazi yake. Tanzania ilitoa mwongozo wa takaful mwaka 2022, na hapa Zanzibar bima ya namna hiyo yapatikana. Lakini mwenye kuichagua naye aulize maswali yaleyale: gari imeandikwa kwa matumizi gani, nibebe kiasi gani mwenyewe, na dereva wangu yumo au hayumo. Nia njema haiondoi haja ya kusoma hati.

Na ajali ikitokea? Watu hupelekwa Kivunge, na waliozidiwa Mnazi Mmoja. Hilo ndilo la kwanza. Kisha polisi wapewe habari, picha zipigwe kabla gari hazijasogezwa, namba na majina ya mashahidi yaandikwe, na kampuni iarifiwe katika muda uliotajwa kwenye hati, ambao mara nyingi ni mfupi kuliko watu wadhanivyo. Mwenye gari asiungame wala asiahidi malipo pale pale barabarani, kwa kuwa ahadi hiyo kampuni haitambui. Kumsaidia majeruhi na kumlipia dawa ni utu na haukatazwi. Madai yakikwama bila ya sababu, yuko msuluhishi wa migogoro ya bima aliyewekwa chini ya sheria ile ya mwaka 2009, ambaye mwananchi aweza kumwendea kabla ya kuingia gharama za wakili.

Lakini twawezaje kumwambia mtu asome hati, na hati yenyewe hawezi kuisoma? Hati nyingi za bima za gari bado huandikwa kwa Kiingereza, tena kile cha mawakili, ambacho hata Mwingereza hukisoma mara mbili. Mwenye gari wa Matemwe hutia saini chini ya maneno asiyoyaelewa, kisha siku ya ajali huhukumiwa kwayo. Hili halina udhuru katika nchi ambayo lugha yake ni Kiswahili na ambayo wauzaji wa bima hutumia Kiswahili hicho hicho wanapotaka fedha.

Hatudai makubwa. Twaitaka Mamlaka, na Shirika la Bima la Zanzibar kama kaka mkubwa wa kampuni zote visiwani, ziagize kwamba kila bima ya gari iambatanishwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye herufi za kusomeka, uonyeshao mambo matano: gari hii imekatiwa aina gani ya bima, yatumika kwa kazi gani, imethaminiwa kiasi gani, mwenyewe atabeba kiasi gani cha hasara, na nani aliyemo na nani asiyekuwamo. Wakala autie saini ukurasa huo kwa jina lake, ili siku ya ajali ijulikane nani aliyesema "andika binafsi". Na kabla ya watu kuanza kukata bima za mwaka ujao, nakala yake ibandikwe katika ofisi za masheha wa Matemwe na Kijini, na pale penye kituo cha gari namba 118.